Bell wa Karamoja na Risasi Yake Ndogo

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huenda hawajapata kulisikia jina la Walter Dalrymple Maitland Bell. Lakini walenga shabaha wa Ulaya na Marekani wanalijua kama sisi watu wa Mombasa tunavyolijua jina la Muyaka. Wao humwita Karamojo Bell, kwa lakabu aliyoipata katika nchi ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ambako alitafuta pembe kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua ndovu 1,011. Na wengi wa hao, wapatao 800, aliwaangusha kwa bunduki ambayo wawindaji wenziwe waliiona ni ya kupigia paa na kulungu, si mnyama mwenye fuvu kama jabali.

Mimi si mwindaji, wala sijapata kutamani kuwa mwindaji. Lakini mtu akiishi mwambao huu, na akiwa na tabia ya kuuliza mali ya wazee ilitoka wapi, hawezi kuikwepa habari ya pembe. Tumezoea kuisimulia kwa upande wa misafara na majahazi: nani alibeba, nani alinunua, nani alipakia. Upande wa pili, yaani ndovu mwenyewe alivyokufa na kwa chombo gani, hatuutazami. Bell ndiye aliyeuandika upande huo kwa uwazi kuliko wote, na kila akiusimulia hurudia jambo moja, uzito wa risasi.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1880, karibu na Edinburgh huko Scotland, katika jamaa ya watu wenye nafasi. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka miwili, baba yake akamfuata Bell alipokuwa na miaka sita. Yatima huyo akalelewa na kaka zake wakubwa, na shule kwake ikawa ni mahali pa kutorokea tu. Alipofika miaka 13 alikuwa baharini, amepewa kazi melini. Moyo wake wote ulikuwa Afrika, kwa vitabu vya wawindaji alivyovisoma, na hata kabla ya kutimiza miaka 18 alikuwa amekwisha shuka Mombasa.

Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa kuelekea bara, na simba walikuwa wakiwala watu kambini. Kijana Bell alipata kibarua cha kuwapiga simba hao. Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja moja, ya tundu la .303, iliyotengenezwa na fundi wa Edinburgh aitwaye Fraser. Ilikuwa bunduki nzuri kwa baridi ya Scotland. Katika jua la nyika ilimtia katika hatari, kwa kuwa baada ya kupiga, ganda tupu lilivimba kwa joto na kukwama ndani ya mtutu, likakataa kutoka. Mwenye kusimama mbele ya simba na bunduki iliyokwama hahitaji kuelezwa mara mbili. Tangu siku hizo Bell alikuwa mtu wa kuchagua risasi kabla ya kuchagua bunduki, na mimi naona hapo ndipo maisha yake yote ya baadaye yalipoanzia.

Hakukaa. Aliposikia kuwa dhahabu imeonekana Klondike, kaskazini kabisa mwa Kanada, alikwenda huko. Dhahabu hakuipata ya maana. Akageuka kuwa mwindaji wa nyama, akiwapiga wanyama porini katika theluji ili nyama iuzwe katika mji wa Dawson, na mshirika wake akatoweka na fedha. Bell akabaki na bunduki yake tu, akaiuza nayo apate nauli. Vita vya Makaburu vilipozuka huko Afrika Kusini alijiunga na askari wapanda farasi wa Kanada ili apate kurudi Afrika kwa gharama ya serikali. Farasi wake akapigwa, yeye akatekwa, kisha akatoroka.

Makaburu wale walikuwa wamenunua kutoka Ujerumani bunduki za Mauser za tundu la milimita 7, ambazo Hispania ilikuwa imezitangulia kuzichukua mwaka 1893. Risasi yake ilikuwa nyembamba na ndefu, yenye kichwa cha mviringo na uzito wa graini 173, nayo iliwatoa jasho askari wa Kiingereza kwa umbali na usahihi wake. Bell alipigana upande wa Waingereza. Lakini risasi aliyokuja kuifanya rafiki wa maisha ilikuwa ni ile iliyokuwa ikimtafuta yeye.

Hapa yafaa nieleze mambo kidogo, maana bila ya hayo habari ya Bell haifahamiki. Kile tunachokiita risasi kwa jumla, wazee wetu walikiita kiasi, na naona jina lao lilikuwa sahihi kuliko letu, kwani ni kitu kilichopimwa. Kina sehemu nne. Kuna ganda la shaba nyeupe au ya manjano. Kuna fataki iliyobandikwa kitakoni, ambayo ikigongwa hutoa cheche. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa kilichobanwa mdomoni, ambacho ndicho kirukacho. Baruti ikiwaka hugeuka moshi wenye nguvu, nao moshi hukisukuma kichwa ndani ya mtutu. Mtutu una mifuo iliyojipinda kama kamba, ili kichwa kitoke kikizunguka kama pia na kisipindukepinduke hewani. Uzito wa kichwa hupimwa kwa graini, na graini 7,000 ndizo ratili moja. Kwa hiyo risasi ya Bell ya graini 173 ilikuwa na gramu 11 na kidogo.

Linganisha na desturi ya zama zile. Bunduki ya mitutu miwili ya .450 ilirusha kichwa cha graini 480. Ile ya .577 ilirusha graini 750. Ile ya .600 ilirusha graini 900, gramu 58 kwa mpigo mmoja, na kishindo chake kilimyumbisha mpigaji kama aliyesukumwa na ng'ombe. Wakubwa wa uwindaji walisadiki kuwa mnyama mkubwa hutaka chuma kikubwa. Ukimkosa ubongo, walisema, angalau kishindo kitamzubaisha, nawe upate nafasi ya kupiga tena au ya kukimbia.

Bell alirudi Afrika ya Mashariki mwaka 1902 akiwa na miaka 22. Aliingia Karamoja kwanza na bunduki za .303 za aina ya askari, akiwa na nia ya pembe tu. Alizijaribu na zile nzito za mitutu miwili. Akaona jambo ambalo kila mtu angeweza kuliona kama angekuwa na subira: ndovu aliyepigwa ubongoni kwa risasi nzito alianguka palepale, na aliyepigwa ubongoni kwa risasi nyepesi alianguka palepale vilevile. Aliyepigwa pembeni ya ubongo kwa nzito alikwenda zake, na wa nyepesi naye alikwenda zake. Tofauti ilikuwa ni bega la mpigaji, na mzigo wa yule anayemchukulia risasi.

Ndipo alipofanya kazi ambayo mimi kwa upande wangu naiheshimu kuliko shabaha yake yote. Aliwapasua ndovu aliowaua. Alikata fuvu kwa msumeno kutoka mbele mpaka nyuma, akatazama ubongo umelala wapi, akachora. Fuvu la ndovu kwa nje ni kubwa la kutisha, lakini sehemu kubwa ya mfupa ule ni matundu matundu kama sega la nyuki, na ubongo wenyewe ni mdogo, umejificha nyuma na chini, karibu na shingo. Mwenye kulenga katikati ya paji la uso akidhani kila kichwa kina ubongo hapo hupiga sega tupu. Bell alijifunza njia ya kuufikia ubongo kutoka mbele, kutoka ubavuni, na hata kutoka nyuma kwa mshazari, ndovu akiwa anakwenda zake, risasi ikipita katika misuli ya shingo. Pigo hilo la mwisho wawindaji wa Kizungu wanaliita kwa jina lake mpaka leo. Michoro yake ya mafuvu aliichapa katika kitabu chake cha mwaka 1923, naye alikuwa na mkono mzuri wa kuchora.

Sasa kwa kazi hiyo, risasi ndefu nyembamba ilikuwa na faida ambayo kwa mara ya kwanza humshangaza mtu. Chukua sindano na kidole. Kidole kina nguvu zaidi, lakini sindano ndiyo iingiayo. Kichwa cha graini 173 chenye upana wa milimita saba tu ni kirefu kuliko upana wake mara nyingi, na uzito wake wote umesimama nyuma ya ncha ndogo. Kilikuwa kimevikwa chuma kigumu, hakifunuki wala hakivunjiki, na kilitoka kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, mwendo wa wastani tu. Kikiingia mfupani hakiyumbi. Kwa hivyo risasi iliyoitwa nyepesi ilichimba sawa na nzito, mradi ipelekwe penyewe.

Fundi wa London, John Rigby, ndiye aliyemtengenezea Bell bunduki zake za aina hiyo. Waingereza waliipa tundu hilo jina la .275 ili wasitaje milimita za Wajerumani. Lakini risasi zenyewe Bell alizitaka za Kijerumani, kwa kuwa, kama alivyoeleza, hazikupata kumwangusha hata mara moja, na za Kiingereza zilikuwa zikimletea taabu. Alikuwa pia na bunduki ndogo zaidi ya tundu la 6.5, ya Mannlicher, nyepesi kama fimbo, yenye kichwa cha graini 160. Aliipenda mno. Aliiacha kwa sababu maganda ya risasi zake yalikuwa yakipasuka. Ona: hakuiacha kwa udogo wake.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Wako watu leo, hasa Marekani na Uingereza, wenye bunduki hizi kuukuu za .275, ambao hujitengenezea risasi zao wenyewe nyumbani. Ganda lililokwisha pigwa huokotwa, likasafishwa na kurudishwa umbo lake, likatiwa fataki mpya, baruti ikapimwa kwa mizani ndogo kama ya sonara, kisha kichwa kikabanwa. Wengi wao hupenda vichwa vyepesi, vya graini 140 au chini ya hapo, kwa kuwa kichwa chepesi hutoka kwa kasi zaidi, mita 800 na zaidi kwa sekunde, na hupita karibu kama mstari ulionyooka bila ya kushuka upesi. Rigby mwenyewe alikuwa amekwisha iuza .275 yake kwa kichwa cha graini 140, cha kupigia paa na kulungu.

Lakini bunduki ya kale ina kumbukumbu. Mifuo ya mtutu wake ilipindwa kwa ajili ya kichwa kirefu kizito, duara moja kamili katika kila milimita 220. Na mahali mtutu unapoanza, mbele ya ganda, pameachwa nafasi ndefu ili kichwa kirefu kikae. Ukitia kichwa kifupi, huruka hewani kwanza kabla ya kukutana na mifuo, na mara nyingi hutawanya shabaha. Basi mwenye bunduki hukaa wiki na wiki akibadilisha kidogo kidogo, kichwa mbele kidogo, baruti nusu graini, anapiga karatasi, anapima matundu kwa rula, anaandika daftarini. Huanza kwa baruti chache na kupanda taratibu, kwani Mauser za miaka ya 1890 chuma chake hakihimili nguvu zinazohimiliwa na bunduki za baadaye, na aliye na haraka huweza kulipukiwa usoni. Hata akifanikiwa, hukuta macho ya bunduki yamesimamishwa kwa risasi ya zamani, na ile mpya inapiga pengine kabisa. Nimesoma habari za watu hawa kwa kuvutiwa, kwa maana wananikumbusha washairi wanaohangaika na mizani. Wengi wao humtaja Bell kama shekhe wa tarika yao ya risasi nyepesi. Ila yeye, kwa ndovu, hakutumia vichwa vyao. Risasi yake ilikuwa nyepesi mbele ya ile ya graini 750. Kwa tundu lake ilikuwa nzito kuliko zote zilizokuwapo. Wepesi alioutaka ulikuwa katika mkono na katika mzigo. Jambo hili husahauliwa, na aliyelisahau akaingia porini na risasi nyepesi yenye ncha laini akampiga nayo mnyama mkubwa, alimjeruhi tu, na mnyama aliyejeruhiwa humlipa mwingine.

Turudi Karamoja. Alipofika Bell, njia ya pembe ilikuwa imekwisha fanywa na watu wetu. Mumias, kwa Nabongo Mumia, palikuwa na mji wa misafara ya Waswahili tangu karne ya kumi na tisa, na dini iliingia hapo pamoja na shanga na nguo. Kutoka Mumias wafanyabiashara walikwea mpaka Mbale, kisha wakaingia nchi kavu ya Wakaramojong, mahali Bell alipopaita Mani-Mani. Huko aliwakuta matajiri wa pembe wenye mabunduki na watu wao. Mmoja wao, ambaye Bell amemwandika kwa heshima na kwa mashaka pamoja, aliitwa Shundi. Alikuwa mtu wa Kavirondo kwa kuzaliwa. Alitekwa utotoni, akashushwa pwani na kuuzwa utumwani, akasilimu, akapata uhuru wake, akarudi bara akawa yeye ndiye bwana wa misafara. Nimeliwaza sana jina hili moja. Historia yetu yote ya karne ile imo ndani yake, na aliyetuhifadhia ni Mskoti mwenye msumeno.

Bell hakununua pembe kama wao. Alizifuata kwa miguu. Alikaa vizuri na Wakaramojong. Aliyemletea habari za ndovu madume alimlipa ng'ombe jike, na nyama ya ndovu aliwaachia wenyeji. Rafiki yake mkubwa alikuwa mtu wa huko ambaye yeye aliliandika jina lake Pyjalé, mfuata nyayo hodari ambaye alimwongoza katika nchi ambayo ramani zilikuwa hazijaifikia. Baadaye Bell alipiga hesabu ya mwendo wake akaona kwamba kwa kila ndovu mmoja alikuwa ametembea maili 73. Njiani alikuwa akiinua bunduki isiyo na risasi, akilenga jiwe, jani, ndege, akifyatua, akikoki, siku nzima, mpaka bunduki ikawa kama kidole chake. Wenziwe walidhani ana kipaji. Mimi naona alikuwa na wird yake, kama mtu mwenye kuvuta tasbihi, asiyeiacha hata akiwa safarini.

Pembe zilizotoka nchi ile kupitia Mumias zilishuka mpaka Ziwa Nyanza, ambako reli ilikuwa imefika mwishoni mwa mwaka 1901, na kutoka hapo njia ilikuwa ni moja tu, Mombasa. Zilikwenda kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi katika nyumba za Ulaya na Marekani. Mchuuzi wa Mombasa hakujali kama pembe ile imetoka kwa risasi ya graini 173 au kwa mkuki au kwa shimo. Aliipima tu. Na hapa kuna jambo ambalo sikupata kulielewa vyema tangu nilipokuwa chuoni. Katika mlango wa najisi tulisomeshwa kuwa kwa madhehebu yetu ya Kishafi ndovu haliwi, na pembe yake ni mfupa wa mnyama asiyeliwa, nao ni najisi, hata kuiuza hakusihi. Mahanafi ndio wenye kuruhusu. Maalimu akatusomesha na kutueleza vizuri sana. Wakati huohuo, majumba mangapi ya mwambao, ya Washafi watupu, yalijengwa kwa pembe? Maalimu hakuulizwa, na sisi tulikuwa watoto.

Karamoja haikudumu hivyo. Wafanyabiashara wa kila namna, Waswahili, Wahabeshi na Wazungu, walikuwa wameanza kuingiza bunduki nyingi na kuchocheana katika uvamizi wa mifugo, na mwaka 1911 serikali ya Uganda ikawafungia nchi na kuwatoa. Bell alikuwa amekwisha ondoka zamani. Alihamia Lado, ile nchi ya kando ya Nile iliyokuwa mkononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa maisha yake tu, akawinda kwa leseni. Leopold alipofariki Desemba 1909, nchi ikawa haina mwenyewe kwa muda, na majangili wa kila taifa wakamiminika. Bell akaenda Uhabeshi, akaenda Liberia, akaenda nchi za Wafaransa za Afrika ya Magharibi na za Ubangi. Huko magharibi alijaribu hata risasi ndogo ya kushangaza, ya .22, yenye graini 70 tu, iliyotungwa na Mmarekani Charles Newton, akawapiga nayo nyati wa msituni. Siwezi kumsifu mtu kwa jaribio kama hilo. Alikuwa na shabaha ya kumtosha, lakini palikuwa na kiburi ndani yake.

Vita vya 1914 vilipozuka alikuwa nchi za Wafaransa huko Kongo. Akaenda Uingereza akajifunza urubani, akarudishwa Afrika ya Mashariki kurushwa juu ya Tanganyika dhidi ya Wajerumani. Yasimuliwa kuwa mwanzoni alipenda kuruka peke yake bila ya mtazamaji, apate kutumia bunduki yake mwenyewe akiwa angani. Baadaye alipelekwa Ugiriki na Ufaransa, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Nishani haikumshughulisha, katika vitabu vyake ndovu wana kurasa nyingi kuliko vita.

Baada ya vita alirudi mara moja moja, na safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa kwa motokaa, pamoja na Wamarekani wawili, kupitia Sudan na Chad. Kisha akatulia Scotland na mkewe, katika shamba la milimani liitwalo Corriemoillie. Wakajenga jahazi la mashindano, Trenchemer, wakalisafirisha baharini. Akaandika kitabu cha pili, Karamojo Safari, mwaka 1949.

Uzeeni hakuiacha hoja yake. Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi iitwayo .220 Swift, yenye kichwa cha graini 48 tu, gramu tatu, kinachotoka kwa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Mzee Bell akaichukua kupigia kulungu wekundu wa Scotland, akaeleza katika gazeti la walenga shabaha la Marekani jinsi wanyama walivyoanguka. Hapo sasa ni wepesi wa kweli, na kazi yake ni nyingine kabisa: kichwa kile hakichimbi, bali huvunjika ndani na kuharibu kwa kasi. Kwa kulungu wa mapafu laini kilitosha. Bell alijua tofauti hiyo na aliieleza. Wasomaji wake wengi walichukua nusu ya maneno. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo, serikali za makoloni ziliweka sheria ya kipimo cha chini cha tundu la bunduki kwa wanyama wakubwa, na kwa sheria hizo bunduki pendwa ya Bell ilikuwa haramu kwa kazi iliyompa jina.

Katika ndovu wake 1,011, madume walikuwa 983 na majike 28. Aliandika hesabu hiyo kama karani wa forodha aandikavyo shehena. Watetezi wake husema kuwa aliwaua kwa haraka bila ya kuwatesa, na hilo ni kweli. Ndovu wengi waliokufa kwa ajili ya soko letu walikufa vibaya zaidi, kwa majeraha ya magobori yaliyooza siku nyingi. Lakini ustadi huohuo ndio uliomwezesha mtu mmoja, na mzigo mdogo wa risasi, kuondoa katika nchi madume wakubwa wenye pembe nzito kwa kiasi ambacho mabwana wa mabunduki makubwa wasingeweza kukibeba. Risasi ya Bell ilikuwa rahisi, nyepesi, na haikupotea. Mtu akinieleza habari ya ufundi wake humsikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza habari ya wale 983.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kuifunga biashara ya pembe. Aprili 2016 zilichomwa tani 105, hapo hapo Nairobi. Huko Karamoja ndovu wamebakia katika bonde la Kidepo, ambalo lilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1962.

Bell alifariki kwa maradhi ya moyo nyumbani kwake Corriemoillie tarehe 30 Juni 1954, akiwa na miaka 73. Maandishi aliyoyaacha yalikusanywa yakachapwa mwaka 1960 kwa jina la Bell of Africa. Bunduki zake mjane wake aliziuza. Moja katika zile .275 za Rigby ilinunuliwa na mwandishi wa Kimarekani Robert Ruark, ambaye aliipenda sana nchi ya Kenya, naye akampa zawadi mtoto mdogo wa kiume wa rafiki yake, mwindaji Harry Selby wa Nairobi. Ikarudi Afrika ya Mashariki kwa mlango mwingine, mtutu wake ukiwa na mifuo ileile iliyopindwa kwa kichwa cha graini 173.